Jinsi ya kupeleka kundi la kanisa Nchi Takatifu bila kuwakimbiza watu

Mimi ni muuguzi mstaafu, na kanisa likiamua kwenda hija, daftari la majina huishia mikononi mwangu. Wakala akileta ratiba, kitu cha kwanza ninachoshika ni kalamu nyekundu. Ratiba nyingi hujaza vituo 7 au 8 kwa siku, na ukiisoma umekaa kwenye kochi inavutia kweli: asubuhi Kana, kisha Nazareti, Mlima Tabori, Kapernaumu, jioni mashua ziwani. Barabarani hesabu ni nyingine. Kundi la watu 40 linakula dakika 10 kushuka kwenye basi na nyingine 20 kwenye foleni ya choo, na hapo hamjasoma hata mstari mmoja. Mtu amejinyima miaka ili afike, halafu anaishia kupiga picha ya mlango wa kanisa na kukimbilia basi.

Kwa hiyo nasimamia jambo moja. Vituo 4 kwa siku vinatosha, na kila kituo kipate fungu moja la Biblia lisomwe kwa sauti, wimbo mmoja, na robo saa ya kimya ambayo hata mwongozaji hasemi neno. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini unailinda hiyo robo saa.

Wakala, mkataba na fedha

Anzeni mwaka mzima kabla kama mnaweza, maana watu wengi hulipa kidogo kidogo. Mkataba usomwe na watu wawili wasioona haya kuuliza. Ratiba ikisema mtaingia mahali fulani, kiingilio na muda vimeshahesabiwa. Ikisema mtapatazama, jiandaeni kupaona kupitia dirishani. Wakala mmoja alituandikia kwamba tungeitazama Masada, ile ngome ya kale ya mlimani, na kweli tuliitazama, kutoka barabarani, injini ya basi ikiunguruma. Hatukuwa na la kudai.

Ulizeni hoteli ziko mji gani, milo mingapi imelipiwa, na kama bakshishi ya mwongozaji na dereva imo ndani ya bei. Ulizeni pia kama kuna vifaa vya kusikilizia, yaani kipaza sauti kidogo cha mwongozaji na kila mtu na chake cha sikioni. Msiviache kwa ajili ya kubana matumizi. Ndani ya makanisa yenye msongamano watu wa nyuma hawaambulii kitu bila hivyo, na mwongozaji akipaza sauti atanyamazishwa.

Bei inayotangazwa kwa kawaida ni ya watu wawili kwa chumba, na anayetaka kulala peke yake anaongeza. Pangeni vyumba kabla ya safari, na wanaokoroma wajitaje wenyewe. Kukoroma kukigunduliwa usiku wa kwanza, upendo wa ndugu hupata mtihani.

Mawakala wengi hutoa nafasi ya bure kwa kiongozi kundi likifikisha idadi fulani ya wanaolipa. Hakuna ubaya, ila litangazwe mbele ya wote ni nani anayeitumia. Nimeona watu wakipanda basi wamenuniana kwa jambo hilo tu.

Tangu vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba 2023, kila mkutano wa maandalizi una swali la kudumu: tukishindwa kwenda, itakuwaje? Jibu liwe ndani ya mkataba kwa maandishi: kiasi gani kinarudishwa, baada ya siku ngapi, na kama tarehe zinaweza kusogezwa bila faini. Bima nyingi za safari hazigusi hasara ya vita, na nyingine humkatalia mtu aliyesafiri kinyume cha onyo la wizara yake ya mambo ya nje. Someni yale maandishi madogo. Mkiona hali haijatulia, Biblia ina nchi nyingine. Mlima Nebo uko Yordani, Mlima Sinai uko Misri, Efeso na wenzake wa yale makanisa 7 ya Ufunuo wako Uturuki, Filipi na Thesalonike na Korintho ziko Ugiriki. Kufuata nyayo za Paulo si hija ya daraja la pili.

Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6 baada ya safari, na jina kwenye tiketi lifanane nayo herufi kwa herufi. Wanaohitaji viza ya Israeli waombe pamoja na mapema. Wasiohitaji viza wanatakiwa, tangu Januari 2025, kupata kibali cha mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Ukiingia hugongewi muhuri, unapewa karatasi ndogo. Ikae ndani ya pasipoti hadi siku ya kutoka, maana hotelini wataiulizia. Uwanjani mtahojiwa, wakati mwingine mmoja mmoja: nani alifunga begi lako, mnafahamianaje, mnakwenda wapi kesho. Ndiyo maana kila hujaji awe ameisoma ratiba na amjue kiongozi wake kwa jina. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli, na usifanye utani.

Chagueni majuma yenu kwa akili

Aprili na Mei, kisha Oktoba hadi katikati ya Novemba, hali ya hewa ni rafiki. Julai na Agosti bonde la Yordani linapita nyuzi 40, nami sipeleki wazee kwenye joto hilo. Desemba hadi Februari huwa na mvua, na Yerusalemu, iliyo karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, ina baridi ya kuingia mifupani.

Zaidi ya hali ya hewa, angalieni kalenda za dini tatu kwa pamoja. Wiki ya Pasaka ya Kiyahudi na ile ya Sikukuu ya Vibanda, hoteli hujaa na bei hupaa. Siku ya Upatanisho nchi husimama kabisa, hata uwanja wa ndege wa Ben Gurion hufungwa. Pasaka ya Waorthodoksi mara nyingi huangukia tarehe tofauti na yetu, na mkifika Yerusalemu katika juma lao kuu, mtasukumwa na mawimbi ya watu. Kuna wanaolipenda hilo. Kwa kundi lenye vikongwe, silipendekezi.

Juma lenyewe pia lina mitego. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi usiku. Usafiri wa umma karibu wote hulala, na katika hoteli nyingi kuna lifti moja inayosimama yenyewe kila ghorofa ili mtu asibonyeze kitufe. Msipande hiyo kama mna haraka. Jumapili asubuhi makanisa mengi yana ibada zao, kwa hiyo pango la Bethlehemu siku hiyo halifai. Makanisa mengine hufungwa mchana kwa saa mbili hivi, hivyo mwongozaji mzuri hupanga chakula saa hizo. Eneo la msikiti wa Al-Aqsa, palipokuwa Hekalu, wasio Waislamu huingia kwa saa chache tu, Jumapili hadi Alhamisi. Biblia na misalaba viachwe hotelini siku hiyo, na sala yenu iwe ya moyoni.

Miguu, maji na vidonge

Hapa mnivumilie, ndiyo kazi yangu.

Miezi miwili kabla ya safari, kila mmoja aanze kutembea: nusu saa, kisha saa nzima, na baada ya hapo ngazi. Nchi ile ni ya mawe na vipandio. Viatu viwe vimeshavaliwa na kuzoeleka. Kiatu kipya kinachozinduliwa Gethsemane kitakupa malengelenge kabla ya Golgotha. Soli ishike, kwa sababu mawe ya mji wa kale wa Yerusalemu yamesuguliwa na miguu ya karne nyingi na yakilowa yanateleza.

Dawa zote za kila siku zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake halisi, pamoja na karatasi ya daktari yenye majina ya dawa hizo. Zizidi mahitaji kwa siku tano, ndege huahirishwa. Mimi hukusanya kwa kila mtu karatasi moja: ugonjwa alionao, dawa anazomeza, mzio, na jina la ndugu wa kupigiwa simu. Naitunza kwa siri. Mwenye sukari asiketi mbali nami kwenye basi, na kila siku awe na kitu cha kutafuna mfukoni, maana chakula cha mchana kinaweza kuchelewa kwa foleni moja tu.

Tatizo kubwa kuliko yote ni maji. Akina mama wengi hawanywi kwa kuogopa choo, na kufikia saa nane mchana kichwa kinawagonga, wanadhani ni presha. Tatueni jambo hilo kwenye ratiba. Kila kituo mwongozaji aonyeshe choo kilipo kabla hajasema neno lolote la historia. Watu wakijua choo kiko wapi, watakunywa.

Wasioweza mwendo mrefu waambiwe ukweli mapema, tena kwa upole. Orodha yangu ya sehemu ngumu ni hii: ngazi za kushukia pango la Kuzaliwa, ngazi kali za kupandia Golgotha mara tu ukiingia mlangoni kwa kulia, mteremko wa Mlima wa Mizeituni, na Njia ya Msalaba yenyewe. Mlima Tabori sio tatizo. Mabasi makubwa hayawezi kona zake, na mahujaji hupandishwa na magari madogo. Mfereji wa Hezekia, ule wa 2 Wafalme 20, una mita 533 za giza na maji yanayoweza kufika mapajani. Vijana wataupenda. Mwenye kuogopa kubanwa asijaribu ujasiri humo ndani, kwa sababu hakuna njia ya kugeuka, na nyuma yako kuna watu 30.

Kuhusu kuhesabu watu, acheni mtindo wa kiongozi kutembea ndani ya basi akinyooshea vichwa kidole. Kila mtu apewe namba siku ya kwanza, na basi halitoki mpaka namba zote zimeitikia kwa mfuatano. Inachukua nusu dakika. Namba 17 akikaa kimya, kila mtu anajua ni Mama nani aliyebaki dukani.

Galilaya kwanza

Anzieni kaskazini. Kuna viongozi wanaotaka Yerusalemu siku ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyo moyoni, lakini kundi likifika na uchovu wa ndege, Yerusalemu hulimeza. Galilaya ni pole. Ziwa liko mita 210 hivi chini ya usawa wa bahari, lina urefu wa kilomita 21, na vituo vya ufuko wake wa kaskazini vimekaribiana: Mlima wa Heri, Tabgha, Kapernaumu, Magdala. Kaeni usiku tatu, Tiberia au Nazareti.

Pale Mlima wa Heri kuna kanisa la pembe nane la mwaka 1938, pembe moja kwa kila heri. Lizungukeni haraka kisha mtoke nje, kwa kuwa neema ya pale iko bustanini. Gaweni Mathayo 5 hadi 7 kwa wasomaji sita au saba, isomwe yote kutoka mwanzo hadi mwisho bila mahubiri. Wachungaji hupata shida na hilo la bila mahubiri. Isomeni tu. Wengi wa kundi hawajawahi kuisikia yote kwa kikao kimoja, na ziwa linaonekana pale chini wakati mnasoma.

Kapernaumu vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, la sivyo mlangoni mtarudishwa. Sinagogi jeupe mtakaloliona ni la karne ya 4 au 5, yaani Yesu hakusimama ndani yake. Lakini inameni mtazame chini ya kuta, mtaona mawe meusi ya msingi wa zamani zaidi. Hatua chache kutoka hapo, chini ya kanisa la kisasa linaloonekana kama limeelea, ni nyumba inayoaminika kuwa ya Petro. Someni Marko 1:29 na kuendelea. Huko Magdala kuna sinagogi la karne ya kwanza lililogunduliwa mwaka 2009, na ukitaka kusimama mahali ambapo inawezekana kabisa Bwana alifundisha, nenda kule. Halina msongamano wa Kapernaumu.

Mashua ya mbao ya saa moja ni ya lazima. Wenye mashua hupenda kupandisha bendera ya nchi ya kundi, kupiga wimbo wa taifa na kisha nyimbo za injili kwa spika. Waacheni wafurahi kidogo, halafu kiongozi aombe injini izimwe katikati ya ziwa. Robo saa yenu iko hapo. Kama mna muda, pitieni jumba la makumbusho la Ginosar mkaone mashua ya kale iliyotolewa matopeni mwaka 1986 wakati maji yalipopungua kwa ukame: urefu wa mita 8 na kidogo tu. Baada ya kuiona, ile dhoruba ya Marko 4 inasomeka tofauti.

Mchana mtauziwa samaki wa Petro. Ni perege, mzima na kichwa chake. Kwa anayejua kula samaki hana cha ajabu.

Mtoni

Jambo la ubatizo liamuliwe nyumbani, mbele ya mchungaji au padre, kabla ya mtu yeyote kununua kanzu nyeupe. Kundi la mchanganyiko lina walionyunyiziwa maji utotoni, waliozamishwa ukubwani, na wale wanaodhani kuzamishwa Yordani kuna nguvu ya ziada. Mkiliacha lijipange lenyewe, ugomvi utazuka ukingoni mwa maji. Makundi mengi hukubaliana kufanya ibada ya kukumbuka ubatizo: kila mtu anachovya mkono, anajigusa paji la uso, anatamka ahadi zake. Anayebatizwa kweli awe ameshafundishwa.

Mahali ni pawili. Yardenit, mto unapotoka ziwani, pana vyumba vya kubadilishia nguo, vizuizi vya kushika na maji ya kijani yenye samaki wanaogusa miguu. Qasr al-Yahud, karibu na Yeriko, ndiko upande wa mapokeo ya Yohana Mbatizaji. Mto umekuwa mwembamba, maji ni ya rangi ya tope, na ng'ambo, umbali wa kurusha jiwe, ni Yordani, ambako eneo la Al-Maghtas liliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2015. Mimi huchagua Qasr al-Yahud kwa ajili ya maandiko na Yardenit kwa ajili ya magoti. Kote kuwili, mwenye kidonda asiingie, na maji yasinywewe hata kwa imani.

Siku hiyo hiyo mnaweza kupitia Yeriko, mkaoneshwa mkuyu wa Zakayo, kisha Bahari ya Chumvi, iliyo kama mita 430 chini ya usawa wa bahari. Msinyoe nywele za mwili tangu jana yake. Ingia kinyumenyume, kaa kama unakaa kitini, maji yatakubeba. Usilale kifudifudi wala usirushe maji. Yakiingia machoni yanachoma vibaya mno, na mara nyingi aliyerushiwa siye aliyekuwa akicheza. Dakika 15, kisha bafu la maji baridi.

Kutoka hapo basi linapanda zaidi ya mita 1,000 kwa mwendo wa chini ya saa moja. Masikio yataziba. Njia ni ileile ambayo yule mtu wa Luka 10 aliishuka kabla ya kuvamiwa na wanyang'anyi, na mkiitazama mtaelewa kwa nini walijificha kule. Zima spika za dereva na msome Zaburi 120 hadi 134, nyimbo za kupanda, mkipokezana kiti kwa kiti. Pangeni ziishe Yerusalemu inapoonekana.

Bethlehemu na Yerusalemu

Hoteli za Bethlehemu mara nyingi ni nafuu kuliko za Yerusalemu, na fedha zenu zinabaki kwa familia za Wakristo wa pale ambao karibu riziki yao yote ni mahujaji na sanamu za kuchonga za mbao za mizeituni. Hasara yake ni kizuizi cha ukaguzi kila asubuhi. Askari anaweza kupanda ndani ya basi, kwa hiyo pasipoti ziwe mfukoni, si hotelini. Mwongozaji Mwisraeli kwa kawaida haingii Bethlehemu, iliyo upande wa Wapalestina, mtakabidhiwa kwa Mpalestina. Mpeni heshima ileile na bakshishi ileile. Msimwanzishie mijadala ya siasa mkiwa juu ya basi. Akitaka kuwasimulia maisha yake, sikilizeni.

Mlango wa Kanisa la Kuzaliwa una kimo cha mita 1.2 hivi. Mzee mmoja wa kundi letu, mtu mrefu mwenye mgongo usiokunjika, alisimama mbele yake akautazama kwa muda. Nikamwambia, "Baba, ingia kinyumenyume, kalisha makalio kwanza kama unayepanda teksi." Akaingia hivyo, kofia mkononi. Waelekezeni wazee wenu namna hiyo. Ndani, foleni ya kushuka pangoni inaweza kula saa moja hadi mbili. Fikeni alfajiri, au mchana wengine wakiwa mezani. Mtakuwa na sekunde chache tu mbele ya ile nyota ya fedha yenye ncha 14, ndiyo maana msisome Luka 2 pale. Isomeni baadaye Beit Sahour, kwenye Uwanja wa Wachungaji, ambako kuna mapango yanayokodishwa kwa makundi bila haraka. Huko imbeni nyimbo za Noeli hata kama ni mwezi wa Mei.

Yerusalemu itengewe siku tatu kamili. Siku ya kwanza mshuke Mlima wa Mizeituni. Juu kuna kanisa la Baba Yetu, lenye sala ya Bwana kwenye vigae katika lugha zaidi ya 100, na kila mtu atataka picha mbele ya lugha yake. Teremkeni taratibu, mkono ukutani, hadi Gethsemane. Waambieni watu ukweli kuhusu mizeituni: kati ya ile 8 ya kale, vigogo 3 vilivyopimwa vilionekana kuwa vya karne ya 11 na 12. Ukweli huo haupunguzi kitu. Kinachopunguza ni kelele za foleni, kwa hiyo ulizeni mapema kama mnaweza kuwekewa saa ya sala ndani ya kanisa, kwenye ule mwamba unaoaminika kuwa Yesu alisali juu yake.

Kanisa la Mtakatifu Ana, kando ya birika la Bethzatha la Yohana 5, wengi hulipita. Msilipite. Ni la Wapiganamsalaba wa karne ya 12, na liko chini ya Wamisionari wa Afrika, wale wale Mapadre Weupe. Ukuta wake unarudisha sauti kwa sekunde kadhaa. Chagueni wimbo wa polepole wenye sauti nne na mwanakwaya mmoja aanzishe. Mkimaliza ubeti nyamazeni, msikilize ukimalizika wenyewe juu ya dari. Nyimbo za makofi zinageuka vurugu pale, na nyimbo zisizo za dini haziruhusiwi.

Njia ya Msalaba ipiteni saa kumi na moja au kumi na mbili asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa. Mchana mtakuwa mnasali katikati ya mikokoteni na wauza viungo. Vituo ni 14, vitano vya mwisho viko ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, hivyo kila kituo kipate msomaji wake na msalaba upokezanwe. Mnaotaka kuandamana na Wafransisko, wao huipita kila Ijumaa alasiri. Kanisa lenyewe lina madhehebu sita chini ya paa moja, na ufunguo wa mlango uko kwa familia za Kiislamu kwa karne nyingi. Mtasikia Wagiriki, Waarmenia na Wakopti wakiimba kwa wakati mmoja. Wengine hukwazika, wakasema hapa si mahali pa sala. Waambieni wakae chini karibu na nguzo yoyote kwa muda kabla ya kutoa hukumu.

Kundi la Kikatoliki likitaka misa mahali maalumu, liombe nafasi kwa Wafransisko miezi kabla, na padre abebe barua yake ya utambulisho. Waprotestanti wengi hupenda Bustani ya Kaburi, nje ya Lango la Dameski, penye utulivu, maua na sehemu za kushiriki Meza ya Bwana. Nako huwekwa miadi. Msigombane kuhusu kaburi lipi ndilo. Nendeni kote kuwili siku moja, Yohana 20 ikasomwe kwenye bustani.

Siku ya mwisho

Chupa za maji ya Yordani na matope ya Bahari ya Chumvi ziingie kwenye begi kubwa, zikiwa zimefungwa kwa plastiki mara mbili. Sanamu za mizeituni zizungushiwe nguo. Msikubali kubeba kifurushi cha mtu yeyote, hata awe mhudumu wa hoteli aliyewapendeza kiasi gani. Uwanjani fikeni saa tatu na nusu kabla, ukaguzi wa kutoka ni mrefu kuliko wa kuingia.

Bahasha za bakshishi zikabidhiwe ndani ya basi, mbele ya wote, ya mwongozaji na ya dereva, na mwenye neno la shukrani aliseme kwa ufupi. Kisha mweka hazina asome hesabu ya mfuko wa pamoja wa kundi: kilichochangwa, maji ya kunywa, sadaka zilizotolewa makanisani, teksi za wazee, na shekeli zilizobaki. Isomwe basi likiwa bado njiani, kwa sababu likishasimama kila mtu anawaza begi lake.